Uhalisia pepe: Kofia ya mwaka 1995 inavyolisuta neno letu

Maneno ya teknolojia hutufikia kama mitumba. Wenyewe walikwisha kuyavaa, yakawabana au yakawapwaya, wakayavua. Nasi tunayapokea yakiwa yamepigwa pasi, tunayashonea kifungo cha Kiswahili na kutoka nayo Jumapili. Sisemi kwamba mitumba ni mibaya. Nusu ya kabati langu ni Gikomba. Nasema tu kwamba mnunuzi mwenye busara huigeuza nguo ndani nje akakagua mishono kabla ya kutoa pesa. Leo nataka tuligeuze hivyo neno moja ambalo limeanza kuzoeleka katika simu zetu, magazetini na hata katika tasnifu za vyuo vikuu: uhalisia pepe.

Hilo ndilo tulilolipa kazi ya kutafsiri kile ambacho Waingereza hukiita ‘virtual reality’. Unavaa kifaa usoni, kinakuziba macho usikione chumba ulimo, na badala yake unaona mahali palipochorwa na kompyuta. Ukigeuza kichwa, mahali hapo napo panageuka, mithili ya mtu aliyesimama katikati yake. Wanafunzi wangu wa uzamili waliniuliza majuzi iwapo istilahi yenyewe ni nzuri. Mmoja wao, mwepesi wa ulimi, alisema ni nzuri kwa sababu imo katika simu yake. Ala! Tangu lini simu ikawa baraza la Kiswahili?

Jawabu la swali la istilahi halimo kamusini pekee. Limo pia katika kitu chenyewe. Kwa hivyo hebu tukitazame kitu kwanza, wala tusikimbilie vifaa vya juzi vinavyong’aa madukani. Tukitazame cha zamani, cha wakati ahadi ilipokuwa bado mbichi na watu wa kawaida walipoanza kuombwa watoe fedha zao kwa ajili yake.

Nimechagua kofia iliyoitwa VFX1. Ilitengenezwa na kampuni ya Forte Technologies ya Rochester, jimbo la New York, ikaingia sokoni mwaka 1995 kwa bei iliyokaribia dola 700. Haikuwa ya kwanza kuvaliwa kichwani. Ivan Sutherland alikuwa ameonyesha mtambo wa namna hiyo huko Marekani mwaka 1968, na katika miaka ya 1980 kampuni ya VPL Research ya Jaron Lanier iliuza vifaa vya aina hiyo kwa maabara na mashirika yenye mifuko mizito. Upya wa VFX1 na wenzake wachache wa wakati ule, kama vile CyberMaxx na i-glasses, ulikuwa huu: mtu mwenye kompyuta ya kawaida nyumbani angeweza kukinunua kifaa, akafungua kompyuta yake, akachomeka kadi, akavaa. Mimi wakati huo nilikuwa mhadhiri chipukizi, na idara yetu nzima ilikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa kama sinia ya biriani. Habari za kofia hizi nilizisoma majaridani tu, nikazistaajabia kama mtoto anavyostaajabia meli.

Nitaanza na sifa zake, maana si haba. VFX1 ilikuwa kofia hasa, si miwani. Mbele ilikuwa na ngao iliyobeba viwambo viwili vidogo, kila kimoja na jicho lake, na ngao hiyo ungeweza kuiinua kwa mkono mmoja kama mwendesha bodaboda anavyoinua kioo cha helmeti yake akitaka kusemezana na abiria. Jambo hili dogo mimi naliona kuwa la hekima kubwa. Aliyeibuni alitambua kwamba mtu aliyezibwa macho bado ana kikombe cha chai mezani na mtoto anayeita jikoni. Masikioni mlikuwa na spika, na maikrofoni ilikuwamo. Ndani ya kofia mlikuwa na vihisio vilivyofuatilia kichwa kwa njia tatu: kugeuka kushoto na kulia, kuinuka na kuinama, na kulalia bega. Mkononi ulishika kidude cha mviringo kilichoitwa Cyberpuck, chenye vitufe vitatu, ambacho ukikiinamisha mbele unasonga mbele, ukikilaza upande unaelekea huko. Yote haya kwa kompyuta za 1995! Ukiyapima kwa mizani ya wakati wake, ni ufundi wa kusifiwa.

Sasa tuje penye ahadi. Vipimo vya viwambo vya VFX1 huandikwa kwa njia mbili, na tofauti ya njia hizo ni somo la isimu kuliko la hesabu. Njia ya kwanza husema kila kiwambo kilikuwa na pikseli 789 kwa 230, yaani 181,470. Njia ya pili husema 263 kwa 230, yaani 60,490. Kumbe ni kiwambo kile kile. Kila pikseli ya rangi huundwa na vijitone vitatu, chekundu, cha kijani na cha samawati, ambavyo jicho huviona kama nukta moja. Njia ya kwanza huhesabu vijitone. Ya pili huhesabu nukta ambayo mtu anaiona. Ni kama mama mboga akuuzie machungwa matatu huku akikuhesabia vipande. Hajakudanganya, vipande vimo. Ila wewe ulikuja kununua machungwa.

Tena tuwe waadilifu. Michezo mingi ya kompyuta ya enzi hizo ilichorwa kwa pikseli 320 kwa 200, ambazo ni 64,000. Kwa hivyo 60,490 haikuwa aibu kwa michezo ile. Tatizo lilikuwa kwamba vijiwambo hivyo, ambavyo kila kimoja kina kipimo cha inchi 0.7 tu, vilikuzwa kwa lenzi mpaka kila nukta ikajitenga na jirani yake, ukawa kana kwamba unautazama ulimwengu ukiwa ndani ya chandarua. Na upana wa uoni? Takribani nyuzi 45 kutoka pembe hadi pembe. Hebu kaa mbele ya kiwambo cha kawaida cha inchi 14, kama walivyokaa watu wakati huo, umbali wa nusu mita. Utapata nyuzi zinazokaribia 40. Binadamu mwenye macho mawili mazima huona, kutoka pembe ya jicho hili hadi pembe ya lile, zaidi ya nyuzi 180. Kofia yenye uzani wa kilo moja hivi, bei ya dola 700, na dirisha lililozidi kidogo tu lile ulilokuwa nalo mezani: hicho ndicho kilichoitwa uhalisia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wakosoaji wanaoicheka VFX1 kwa kuilinganisha na vifaa vya leo. Kumcheka babu kwa sababu hakuwa na simu ni uvivu wa kufikiri. Swali langu ni jingine: kofia hii ilihukumiwa kwa kipimo gani, na kipimo hicho kilitoka wapi? Kilitoka katika jina. Ukimwambia mtu unamuuzia uhalisia, atakidai uhalisia. Atautazama ukungu wa chandarua na kusema, hiki si halisi, nirudishie pesa zangu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule ule kwa Nintendo, waliotoa Virtual Boy yao yenye picha za rangi nyekundu tupu juu ya weusi, wakaiondoa sokoni mwaka uliofuata.

Na bado kuna mahali ambapo VFX1 ilifaulu, napo panafundisha. Mwaka 1995 ulitoka mchezo uitwao Descent, ambao mchezaji wake huongoza chombo kidogo kinachoruka ndani ya mashimo ya migodi, juu, chini, mbele, nyuma, pasipo sakafu wala dari ya kuaminika. VFX1 ilikuwa miongoni mwa kofia ambazo mchezo huo ulizikubali. Fikiria sasa. Mgodi ni mwembamba na una giza. Dirisha jembamba la kofia halikusumbui, kwa sababu hata rubani wa kweli katika handaki la kweli asingeona mbali. Umeketi katika chombo. Mwili wako nao umeketi kwenye kiti. Unageuza kichwa kutazama njia panda, na njia panda inageuka. Kila udhaifu wa kofia umepata kisingizio ndani ya hadithi. Msanii yeyote anaijua mbinu hiyo. Mtunzi wa tamthilia mwenye jukwaa dogo haandiki vita vya majeshi mawili. Anaandika watu wawili chumbani na kelele za majeshi dirishani.

Kinyume chake ni michezo ya kutembea kwa miguu, kama vile Quake ya mwaka 1996. Hapo macho yanaambiwa unakimbia, na mwili unajua umekaa. Sikio la ndani, ambalo ndilo linalotunza mizani yetu, halikuhisi hatua hata moja. Kofia ilifuatilia kugeuka kwa kichwa tu. Ukisogea mbele kwa shingo na kifua, ulimwengu ulikwama pale pale usoni. Mgogoro wa jicho na sikio huzaa kisunzi na kichefuchefu. Ulikuwa mzigo wa vifaa vyote vya kizazi kile, tena kompyuta zenyewe zilichelewa kuchora upya picha baada ya kichwa kugeuka. Mwili haupendi kuchelewa huko hata kidogo.

Kisunzi hicho nitakirudia, kwa maana kina uzito katika hoja ya lugha.

Biashara yenyewe haikudumu. Kofia ilihitaji kadi yake ndani ya kompyuta na kiungo maalumu kwenye kadi ya picha, na kompyuta zilipobadilika viungo hivyo vikaanza kutoweka. Mwaka 1997 Forte ilikuwa imeanguka, na mali yake ikachukuliwa na kampuni ambayo baadaye ilijulikana kama Vuzix. Basi.

Turudi kwa neno. Kiingereza ‘virtual’ kina asili yake katika Kilatini ‘virtus’, yaani nguvu, uwezo, ubora. Wanafalsafa wa Ulaya ya zama za kati walikitumia kivumishi hicho kwa jambo lililo na nguvu ya kitu bila kuwa na umbo lake. Maana hiyo ipo mpaka leo. Kitu kikiwa ‘virtual’, mwili hakina lakini athari kinayo. Tena msidhani ni wanakompyuta walioyaunganisha maneno haya mara ya kwanza. Mwaka 1938 Mfaransa Antonin Artaud, mtu wa tamthilia, alitumia istilahi ‘réalité virtuelle’ katika kitabu chake kuhusu jukwaa, akizungumzia ulimwengu unaoumbwa na wahusika, vitu na picha za uigizaji. Lanier aliivumisha katika miaka ya 1980. Kwa maneno mengine, kabla haijawa mali ya wauza kofia, istilahi hii ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwetu sisi watu wa fasihi.

Na pepe je? Muulize mama anayepeta mpunga katika Delta ya Tana. Pepe ni punje isiyo na kiini. Ganda limo, umbo limo, hata rangi imo. Ukiibana kwa vidole hamna kitu. Akiutikisa ungo, pepe hupeperushwa na upepo na mchele hubaki. Basi tazameni ajabu hii: ‘virtual’ ni athari bila mwili, pepe ni mwili bila kiini. Tumetafsiri neno kwa kinyume chake kamili!

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba ‘pepe’ ya barua pepe inatokana na upepo, si na makapi. Kwamba barua hiyo husafiri kama iliyobebwa na upepo. Sipingi. Barua pepe ni istilahi iliyofaulu mno, na ile baruameme iliyoshindana nayo imebaki kwa wachache. Lakini imefaulu kwa sababu barua, hata ikipita hewani, inabaki barua. ‘Pepe’ inaeleza njia iliyopitia. Ndiyo maana maktaba pepe na vitabu pepe havinisumbui. Uhalisia haupiti popote. Hautumwi. Ukiambatisha ‘pepe’ kwenye uhalisia, upepo unakosa cha kubeba na msikilizaji anabaki na ile maana nyingine, ya punje tupu.

Nyongeza ni kwamba hata nusu ya kwanza ya istilahi ina walakini. Kwa sisi tunaofundisha fasihi, uhalisia ni nadharia na mtindo wa uandishi unaosawiri maisha jinsi yalivyo. Tuna uhalisia wa kijamaa. Tuna uhalisiamazingaombwe, tunaoutaja kila tunapofundisha Nagona ya Euphrase Kezilahabi au Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed. Kile kinachokuwepo kweli tunakiita uhalisi. Irabu moja tu, lakini ndiyo inayotenganisha maisha na mtindo wa kuyasimulia. Mwanafunzi wa fasihi akikutana na ‘uhalisia pepe’ katika mtihani ana haki kabisa ya kudhani anaulizwa kuhusu riwaya iliyojaribu kusawiri maisha ikashindwa. Nami, nikisahihisha, ningempa alama.

Sasa kile kisunzi. Aliyevaa kofia ya mwaka 1995 akashikwa na kichefuchefu hakushikwa na kichefuchefu pepe. Tumbo lilikuwa lake, na jasho lilikuwa lake. Handaki halikuwepo, lakini lilimsukuma. Hiyo ni athari bila mwili, na ndiyo maana tuliyoipoteza tulipochukua punje tupu. Hata kifaa kilichokuwa dhaifu kama VFX1 kilikuwa na kiini: pale kichwa kilipogeuka na ulimwengu ukakitii. Mengine yote, vijitone, lenzi, spika, yalikuwa ganda.

Kiini. Nimelitaja neno hilo mara kadhaa, na msomaji wa pwani huenda amekwisha kunitangulia. Tunalo neno kongwe ambalo halikungoja Rochester: kiinimacho. Ni ule ustadi wa kulifanya jicho lione kisichokuwepo, likiwa wazi, mchana kweupe. Sisi tuliosoma shule za msingi wakati wafanya mazingaombwe wakizuru na masanduku yao tunakumbuka kwamba tulilipa kiingilio. Tulijua fika kwamba njiwa hakuzaliwa katika leso. Hakuna aliyedai arudishiwe senti zake kwa hoja kwamba njiwa si halisi. Tulihukumu jambo moja: je, mkono wake ulituwahi au haukutuwahi?

Hicho ndicho kipimo ambacho VFX1 ilistahili na haikukipata. Ihukumu kama uhalisi, inaanguka kabla hujaivaa. Ihukumu kama kiinimacho, unaweza kusema kwa haki kwamba katika migodi ya Descent mkono wake ulituwahi, na kwamba katika Quake leso lilidondoka tukaona njiwa mfukoni.

Wenzangu wawili niliowapima wazo hili walisema kiinimacho kinanuka udanganyifu na kwamba hakuna kampuni itakayokubali kuuza bidhaa yenye jina hilo. La pili si shauri langu; istilahi si tangazo la biashara. La kwanza ni kweli, nami naliona kuwa faida. Vifaa hivi vinabishwa hodi shuleni sasa. Kuna siku mwalimu mkuu wa shule ya kutwa ataambiwa kwamba badala ya kukodi basi kupeleka watoto Fort Jesus, anunue kofia kumi na wanafunzi watafika huko kwa uhalisia. Akisikia ‘uhalisia’ atalinganisha bei ya kofia na bei ya basi. Akisikia ‘kiinimacho’ atauliza maswali mawili matatu zaidi: watoto wataona nini, kwa muda gani, na nani atakayekaa na yule atakayeshikwa na kisunzi. Huenda akanunua bado. Zipo sababu nzuri za kununua. Lakini atakuwa amekagua mishono.

Kisarufi pia neno hili halina taabu. Kiinimacho, viinimacho, kofia ya kiinimacho, mgodi wa kiinimacho, somo la viinimacho. Uhalisia pepe hauna hata wingi.

Limebaki la jirani yake. Vuzix, waliorithi mabaki ya Forte, wamehamia katika miwani isiyoziba macho: unaendelea kuiona barabara na watu wake, na juu yao kompyuta inakuandikia maelezo. Huko nako tumekwisha kuweka istilahi, ‘uhalisia ulioboreshwa’. Ati umeboreshwa! Na nani, na kabla ya hapo ulikuwa na kasoro gani? Hilo nitalipeta juma lijalo.